Nyumba ya Mmishenari Ilikuwa na Watoto



Wanaokisoma kijitabu hiki kila mwaka wanajua kwamba kurasa za katikati ni za historia ya kwetu. Tumeshasoma humu habari za kimondo cha Ndolezi, za reli ya TAZARA, na za namna Tunduma ilivyokua kutoka kituo cha mpakani hadi kuwa mji wa malori. Mwaka huu zamu imeangukia kwetu sisi wa kamati ya fedha. Si waandishi. Kazi yetu ni kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa za benki, na wengi wetu tuliondoka nyumbani tukiwa vijana wa kidato cha tano. Mtuvumilie.

Tuanze na jambo lililotufanya tukubali. Mwaka juzi mwalimu wa hisabati alipangiwa shule moja ya sekondari ya kata huko kwetu. Alifika na mke na watoto wawili, mdogo akiwa bado ananyonya. Kijiji kilimpokea vizuri, akapewa kuku na debe la mahindi. Nyumba haikuwepo. Walipangishiwa chumba kimoja jirani na mashine ya kusaga, bati linavuja, maji ni ya kufuata bondeni. Mtoto mdogo alipata kifua msimu wa baridi, mwezi Julai, na nyinyi mnaujua ubaridi wa Mbozi wa mwezi huo. Baada ya miezi minne mke alirudi kwao na watoto. Mwezi wa sita mwalimu naye akapata uhamisho.

Habari hiyo ilipoletwa kwenye kikao chetu Dar es Salaam, mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu sana, alikasirika. Akasema, "Mbona wamishenari walikaa kwetu miaka na miaka, bila umeme, bila barabara, bila hospitali, na wake zao na watoto wao? Hawa vijana wa leo wamelegea." Watu walipiga makofi. Sisi hatukupiga wala hatukumpinga, kwa sababu hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukaanza kusoma na kuuliza. Yanayofuata ndiyo tuliyoyapata.

Wamoravian wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891, wakitokea Herrnhut, mji mdogo wa Saksonia huko Ujerumani. Safari yao si ya kusimulia kwa sentensi moja. Ilikuwa meli hadi pwani ya Msumbiji, kisha mashua katika mto Zambezi na mto Shire, kisha kutembea kwa miguu kuyapita maporomoko ya Shire, kisha meli ndogo ya ziwa Nyasa hadi Karonga, na kutoka Karonga kupanda milima kwa miguu pamoja na wapagazi. Mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka huohuo. Waliofuata baadaye na familia walipita njia ileile, mama na watoto wakibebwa kwenye machela, vyombo vya nyumbani vikiwa vichwani mwa watu.

Mwaka 1899 Traugott Bachmann alihamia Mbozi kwa Wanyiha na kufungua kituo tunachokiita mpaka leo Mbozi Misheni. Alikaa hapo hadi vita ya kwanza ya dunia ilipomwondoa mwaka 1916. Wazee wanamkumbuka kwa mambo mengi: alitafsiri Agano Jipya katika Kinyiha, likachapishwa mwaka 1913, aligombana na wenzake kwa sababu hakutaka Wanyiha wageuzwe Wazungu kwa mavazi na desturi, na hakuwafukuza wenye wake wengi kwa ukali wa wamishenari wengine. Hayo yameandikwa sana. Ambayo hayaandikwi sana ni mambo ya jikoni.

Kituo cha misheni hakikuwa kanisa peke yake. Ukitembea katika vituo vya zamani, iwe Mbozi, iwe Rungwe, iwe Isoko huko Ileje, tazama majengo kwa jicho la mhasibu. Kuna kanisa, ndiyo. Kuna shule. Lakini kuna pia nyumba ya kuishi yenye kuta nene za matofali na baraza, ina mahali pa maji, ina bustani ya mboga na miti ya matunda, ina zizi na karakana. Kila kimoja kiligharimu fedha za mtu. Ng'ombe wa maziwa alikuwa wa mtoto. Bustani ya viazi na kabichi ilikuwa ya mama aliyekuwa akinyonyesha, mbali na mama yake mzazi kwa safari ya miezi. Kwinini ilikuwa ya nyumba nzima. Kule Herrnhut kulikuwa na watu waliochangishana, wengi wao mafundi na wakulima wa kawaida, na katika mahesabu yao nyumba na watoto wa mmishenari walikuwa ni sehemu ya kazi. Hawakuhesabiwa kama mzigo aliokuja nao mtumishi ambao ajue mwenyewe pa kuuweka.

Tunaweza kuwaza siku ya mama wa nyumba hiyo. Alfajiri kuna maziwa ya kuchemsha na mkate wa kuoka, kwa sababu hakuna duka. Asubuhi wagonjwa wameshakaa barazani, wana vidonda, wana watoto wenye homa, na yeye ndiye mganga hata kama hakusomea. Halafu darasa la wasichana la kushona na kusoma. Katikati ya hayo yote mtoto wake mwenyewe anatambaa sakafuni, na anayemwangalia ni msichana wa Kinyiha. Msichana huyo hakuandikwa popote, lakini sisi tunamjua: ni bibi wa mtu fulani kati yetu. Ni kwake ambapo mtoto wa Kizungu alijifunza maneno yake ya kwanza ya nje ya nyumba. Mtoto huyo alicheza na watoto wa kijiji, akala viazi vya kuchoma kwenye majivu, na ni rahisi kuamini kwamba alipokanyaga mwiba alilia kwa Kinyiha.

Sasa tunafika mahali ambapo mzee wetu wa kikaoni hapajui, na sisi pia hatukupajua.

Watoto hao hawakukaa. Wakifika miaka sita au saba hivi walipelekwa Ujerumani kusoma. Wamoravian walikuwa na shule za bweni mahsusi kwa watoto wa wamishenari huko Kleinwelka, karibu na mji wa Bautzen. Huko walikutana na watoto wenzao waliozaliwa Labrador kwenye barafu, Surinamu, Afrika Kusini, kila mmoja akiwa na lugha yake ya utotoni ambayo hakuna mwingine aliyeielewa. Kanisa lililipa. Mzazi alibaki Afrika akiendelea na kazi, na likizo ya kwenda nyumbani ilikuja baada ya miaka mingi. Mtoto aliyeagwa akiwa na meno ya utoto angeonwa tena akiwa ameota ndevu au amevunja ungo. Barua ilichukua wiki nyingi njiani. Mama alipoandika kuuliza kama kikohozi kimepona, jibu lilipofika lilihusu kikohozi cha zamani.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mzee wetu ni hili: ni kweli walikaa miaka na miaka, na waliweza kwa sababu kuna waliowajengea nyumba na kuwalipia watoto ada. Hata hivyo, pamoja na yote hayo, kwetu hakukuwa na shule ya kumfaa mtoto wao, wakalipa kwa kutengana naye. Hatusemi hivyo kuwaonea huruma kupita kiasi. Wakati uleule watoto wa kwetu walikuwa wakitenganishwa na mama zao kwa namna mbaya zaidi, bila shule ya bweni mwishoni mwa safari. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmishenari aliyefanya kazi Utengule kwa Wasafwa, aliandika maisha ya wanawake kadhaa waliotekwa wakiwa watoto na kuuzwa mkono kwa mkono katika nchi hizi za kati ya Nyasa na Tanganyika. Mmoja wao, Chisi Ndjurisiye Sichyajunga, maisha yake yalichapishwa Herrnhut mwaka 1938 kwa jina lenye maana ya maisha yasiyo na utulivu. Kwa wanawake wa namna yake, ua wa misheni ulikuwa mahali pa kwanza ambapo wangeweza kulala na mtoto wao bila kuweka sikio mlangoni.

Jibu la pili ni refu kidogo, na ndilo lililotugusa zaidi.

Tunaposema "wamishenari" tunaona sura nyeupe na ndevu. Lakini kazi nyingi ya vijijini ilifanywa na wainjilisti Waafrika na wake zao. Bachmann mwenyewe aliandika kitabu kidogo juu ya mmoja wao, Ambilishiye, kilichochapishwa Herrnhut mwaka 1917. Mwaka 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wamishenari Wajerumani na familia zao waliondolewa. Wamishenari Waskoti wakapewa usimamizi, lakini walikuwa wachache mno kwa nchi yote hii. Mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, aliyefungua shule asubuhi na kuongoza ibada jioni alikuwa mwinjilisti mwenyeji. Yeye naye alikuwa na mke na watoto wadogo. Nani alimjengea? Alijijengea mwenyewe. Nani aliwalipia watoto wake ada? Tumetafuta mstari huo katika habari zote tulizozipata. Haupo.

Ili muuone vizuri mstari huo usiokuwepo, tuvuke mpaka kidogo. Wanyamwanga hawahitaji kuelezwa njia. Mpaka wa mwaka 1890 uliwakuta tayari wakiwa pande zote mbili, na mpaka leo mtu wa Tunduma huenda matangani Nakonde na kurudi jioni. Karibu na hapo Nakonde, misheni ya Livingstonia ya Waskoti ilifungua kituo cha Mwenzo katika miaka ya 1890, kando ya ile barabara ya zamani ya Stevenson iliyotoka Karonga kwenda ziwa Tanganyika. Mwenzo ndiko alikofundisha Donald Siwale, ambaye baadaye alikuwa karani wa serikali. Mwaka 1912 yeye na wenzake wachache, walimu wasomi wa misheni, walianzisha Mwenzo Welfare Association. Vita iliuzima, wakaufufua mwaka 1923. Walikaa wakajadili hali za watu wao na kulalamikia kodi ya kibanda. Wanahistoria wa Zambia huuhesabu kuwa umoja wa kwanza wa aina yake katika nchi ile. Kwa hiyo ndugu zetu, mtu akiwauliza umoja kama huu wetu tumeuiga wapi, mwambieni tumeuiga ng'ambo ya geti la Tunduma.

Mmoja wa waliokuwa pamoja na Siwale katika umoja ule ni David Kaunda. Alikuwa mtu wa Nyasaland, amesoma Livingstonia, na mwaka 1904 alitumwa kupeleka Injili na shule kwa Wabemba huko Chinsali, ambako leo ni mkoa mmoja na Nakonde. Alikuwa mmishenari kwa maana zote za neno hilo: ameacha kwao, yuko kwa watu wa lugha nyingine, hana ukoo wa kumsaidia. Mkewe Helen alikuwa mwalimu, kati ya wanawake Waafrika wa kwanza kufundisha katika nchi ile. Kituo chao kiliitwa Lubwa. Watoto wanane walizaliwa, na wa mwisho, Kenneth, alizaliwa mwaka 1924 wazazi wakiwa hawamtarajii tena. Wakamwita Buchizya, yaani asiyetarajiwa.

Kenneth Kaunda ameyaeleza maisha ya nyumba ile katika kitabu chake cha mwaka 1962, Zambia Shall Be Free. Ni nyumba ambayo yeyote kati yetu aliyezaliwa kwa mwinjilisti, mchungaji au mwalimu wa kijijini ataitambua mara moja. Baba yuko safarini kutembelea shule na makanisa. Mama anafundisha, anapokea wageni, na wageni hawaishi. Watoto wa kiume wanachota maji, wanaosha vyombo, wanafanya kazi za jikoni ambazo wavulana wenzao kijijini wanazicheka, kwa sababu mama hana mikono ya kutosha. Nyumba inaheshimiwa na wote na haina fedha.

Mwaka 1930 David Kaunda aliwekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka 1932 akafa. Kenneth alikuwa na miaka minane. Siku alipokwenda kuanza shule, katika misheni ileile aliyoianzisha baba yake, aliambiwa alete ada, shilingi mbili na nusu. Hakuwa nayo. Alirudi kwa mama yake analia, na mama naye hakuwa nayo. Jirani mmoja mwema ndiye aliyewakopesha.

Tumelisoma hilo mara kadhaa. Mtu amefanya kazi miaka ishirini na minane, amejenga shule kwa mikono yake, na mtoto wake anarudishwa mlangoni kwa shilingi mbili na nusu. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Karani aliyedai ada alifuata utaratibu. Misheni haikumchukia mjane. Ni kwamba, katika daftari, mmishenari kutoka Ulaya alikuwa na mstari wa watoto, na mmishenari kutoka Nyasaland hakuwa nao. Kazi ilikuwa moja. Mtoto huyo, wote tunajua, ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia, na kukubaliana na Mwalimu Nyerere kuhusu reli inayopita kwetu. Lakini tusimtumie kama mfano wa kwamba watoto wa dhiki hufanikiwa. Kaka na dada zake pia walikuwa watoto wa nyumba ile, na kwa kila mtoto aliyepata jirani wa kumkopesha, wako ambao jirani naye hakuwa na kitu.

Baadhi yetu katika kamati tumezaliwa katika nyumba za namna hiyo, za miaka ya 1970 na 1980. Baba mwinjilisti anahamishwa kila baada ya miaka miwili mitatu, kutoka Ileje kwenda Momba, kutoka Momba kwenda Kamsamba bondeni kwenye joto na mbu. Tunakumbuka kupakia masufuria kwenye trekta la kijiji. Tunakumbuka kuanza shule katikati ya muhula na kuitwa "wa kuja". Tunakumbuka mama akiuza maandazi baada ya ibada, huku waumini wengine wakinong'ona kwamba mke wa mtumishi hafanyi biashara. Mdogo wetu mmoja hatukuondoka naye Kamsamba. Alibaki huko, nyuma ya kanisa. Mama hakuwahi kulizungumzia jambo hilo mbele ya wageni, na sisi hatutalirefusha hapa.

Leo watumishi wanaotumwa kwetu si wa makanisa tu. Mkoa wetu ulipozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, tulipata ofisi Vwawa, tukapata walimu, wauguzi, maafisa ugani. Wengi ni vijana wa Kilimanjaro, Kagera, Mara, Tanga. Hawajui Kinyiha wala Kinyamwanga wala Kindali. Wametumwa, kama David Kaunda alivyotumwa. Nao wana watoto wachanga. Mara nyingi sisi tulioko mjini tunachangia madarasa, kwa sababu darasa linapigwa picha vizuri na linawekwa jiwe la msingi na mgeni rasmi. Tumepitia makabrasha ya umoja wetu ya miaka iliyopita. Kuna saruji, kuna mabati, kuna madawati, kuna hata tarumbeta za kwaya. Nyumba ya mtumishi haipo, isipokuwa mara moja, na ile mara moja fedha zilihamishiwa kwenye uzio. Tunakiri kwamba saini za uhamisho huo ni zetu.

Tulirudi kwa mzee wetu na maelezo haya, nyumbani kwake Kimara, siku ya Jumapili. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mwalimu kijana miaka ya 1960, alimwacha mkewe na watoto kwa wakwe miaka minne kwa sababu shule aliyopangiwa haikuwa na nyumba, na kwamba mtoto wake mkubwa alikuwa akimwita "mgeni". Hatukumuuliza zaidi. Alimwita mjukuu alete chai.

Ndiyo maana mradi wa mwaka huu si darasa. Ni nyumba ya familia mbili kwa ajili ya walimu wa shule ile aliyoondoka mwalimu wa hisabati: vyumba viwili vya kulala kila upande, sebule, jiko lenye dohani, choo, na tangi la kuvunia maji ya mvua. Makisio yote yako ukurasa wa mwisho, pamoja na bei za vifaa tulizozichukua wenyewe madukani Vwawa na Tunduma. Wanakijiji wameshafyatua matofali na kuyachoma, na mchanga na mawe ni nguvu zao. Mtaona katika makisio mstari wa saba, sakafu ya saruji laini katika chumba cha watoto. Kikao kimoja kilitaka mstari huo uondolewe ili kupunguza gharama, kwa hoja kwamba walimu wasio na familia hawauhitaji. Tumeuacha.

Michango inapokelewa siku ya harambee na kwa viongozi wa matawi. Stakabadhi inatolewa kwa kila mchango, hata wa mfuko mmoja wa saruji, na mahesabu yatasomwa kijijini kabla ya kusomwa Dar es Salaam.